Chenso imegoma kuwaka: mwongozo kamili wa kutafuta ubovu hatua kwa hatua

Chenso ikigoma kuwaka shambani, watu wengi hushika bisibisi na kuanza kuzungusha skrubu za kabureta. Hapo ndipo ubovu mmoja unapozaa wa pili. Kabureta iliyokata miti jana jioni haikujigeuza skrubu zake usiku. Mara nyingi tatizo liko kwingine, tena ni dogo: petroli iliyokaa, plagi iliyolowa, chujio lililoziba, au namna tu ya kuvuta kamba.

Injini ya tu-stroki inadai vitu vinne ili iwake: moto kwenye plagi, mafuta, hewa na mgandamizo ndani ya silinda. Plagi yenyewe ndiyo itakayokuambia uanzie kwenye kipi. Kwa hiyo tutaanza na plagi, na kabureta tutaiacha mwisho kabisa. Nakusihi ufuate mpangilio huo hata kama kuna mtu pembeni anakuharakisha, kwa sababu ukigusa vitu vitatu kwa mpigo hutajua kipi kilichoponya na kipi ulichoharibu.

Maelezo haya yanafaa kwa chenso nyingi za petroli, ziwe za Stihl, Husqvarna au zile za Kichina za cc 52 na 58.

Kabla ya kugusa chochote

Sogeza mashine mbali na jiko, sigara na nyasi kavu. Utakuwa unafungua plagi huku kuna mvuke wa petroli, na cheche moja inatosha. Kama umejaza mafuta, futa yaliyomwagika, kisha hama angalau mita tatu kutoka pale ulipojazia ndipo uvute kamba. Vaa glavu ukishika cheni, na funga breki ya cheni kwa kusukuma ngao ya mbele kuelekea kwenye ba, yaani upanga unaobeba cheni.

Andaa spana ya plagi, brashi ndogo ya waya, kitambaa kikavu, kipande cha waya mwembamba uliopindwa ncha, plagi moja mpya na petroli uliyonunua karibuni. Hiyo plagi mpya usiione kama anasa. Mtu anayeishi kwa kukata miti asiingie shambani bila plagi ya akiba mfukoni.

Hatua ya kwanza: hakikisha unaiwasha ipasavyo

Usikasirike nikianzia hapa. Chenso nyingi zinazopelekwa kwa fundi zikiwa "mbovu" zimejazwa mafuta kupita kiasi ndani ya silinda na mwashaji mwenyewe.

Injini ikiwa baridi, weka choki, yaani mlango wa hewa wa kabureta ufungwe. Kwenye Stihl nyingi ni kishikio kimoja kinachoshuka hadi chini kabisa. Kwenye mashine nyingine ni kitufe cha kuvuta. Kama kuna kipira cha kusukumia mafuta, kibonyeze mara tano au sita mpaka uone mafuta yamejaa ndani yake. Kama kuna kitufe cha kupunguza mgandamizo juu ya silinda, kibonyeze.

Laza mashine chini palipo tambarare, cheni isiguse kitu. Kanyaga ndani ya mshikio wa nyuma kwa mguu wa kulia, shika mshikio wa mbele kwa mkono wa kushoto, mkono ukiwa umenyooka. Vuta kamba polepole mpaka uhisi inakaza, kisha vuta kwa nguvu. Usining'inize mashine hewani huku ukivuta, kama wafanyavyo wengi kwa kujionyesha. Ba ya chenso iliyowaka mkononi inaweza kuruka na kukata paja.

Sasa sikiliza kwa makini. Baada ya mivuto michache, kwa kawaida miwili hadi mitano, utasikia mlio mmoja mfupi, kama injini imetaka kuwaka ikazima. Hapohapo toa choki, weka kwenye nafasi ya kuwashia ya nusu mafuta (sawa na kubana triga nusu), kisha vuta tena. Ikiwaka, gusa triga mara moja ili ishuke kwenye mwendo wa chini. Anayeupuuza mlio ule na kuendelea kuvuta choki ikiwa imefungwa anaimwagia silinda petroli mbichi, na baada ya hapo haitawaka hata ivutwe na watu watatu kwa zamu.

Injini ikiwa na moto, yaani umeizima dakika chache tu zilizopita, haihitaji choki. Weka nusu mafuta, vuta.

Na swichi? Iangalie. Kwenye mashine za Kichina swichi ndogo ya kuzimia husukumwa kirahisi na tawi au mkono, na mtu akavuta kamba nusu saa huku umeme umekatwa.

Hatua ya pili: fungua plagi na uisome

Kama umevuta kwa utaratibu huo na kimya kimetawala, ondoa kifuniko cha juu, pangusa vumbi la mbao kuzunguka plagi lisije likaanguka ndani ya silinda, chomoa kofia ya plagi kisha fungua plagi. Itazame kwenye mwanga.

Plagi iliyolowa petroli: mafuta yanafika, tena yamezidi, au moto hakuna. Plagi kavu kabisa baada ya kuvuta mara nyingi: mafuta hayafiki. Plagi yenye masizi meusi mazito na mafutamafuta: oili imezidi kwenye mchanganyiko, chujio la hewa limeziba, au choki haifunguki vizuri. Plagi ya rangi ya kahawia, kama udongo mkavu, ni nzuri. Plagi nyeupe iliyoungua ndiyo ya kuiogopa kuliko zote, maana inaashiria kwamba injini imekuwa ikipata hewa nyingi na mafuta kidogo, na pistoni huenda imeshakwaruzika.

Pengo kati ya ncha zake kwa chenso nyingi ni milimita 0.5. Ukinunua mpya, nunua ya aina ileile: NGK BPMR7A, Bosch WSR6F na Champion RCJ7Y ndizo zinazotumika kwenye Stihl na Husqvarna nyingi. Muuza spea anaweza kukupa yoyote ambayo uzi wake unaingia. Usikubali. Plagi yenye shina refu kuliko ile ya asili inaweza kugongwa na pistoni, na hapo umenunua injini, siyo plagi.

Ikiwa plagi imelowa

Chenso imemeza mafuta. Usikimbilie kitu kingine kabla ya kuikausha:

1. Plagi ikiwa nje, zima swichi, ondoa choki, kisha pindua mashine tundu la plagi litazame chini.
2. Vuta kamba mara nane hadi kumi. Petroli itatoka kama manyunyu, kwa hiyo uso wako usiwe mbele ya tundu.
3. Kausha plagi kwa kitambaa, isugue kwa brashi, au weka ile mpya.
4. Acha tundu wazi dakika kumi mvuke utoke.
5. Rudisha plagi na kofia yake, washa swichi, usiweke choki, shikilia triga hadi mwisho ukivuta. Breki ya cheni ibaki imefungwa. Mwombe mwenzako akushikilie mashine chini kama huwezi kufanya yote peke yako.

Ikinguruma kwa moshi mwingi, iache ijisafishe kwa sekunde chache, kisha achia triga mara moja. Usiendelee kuipa mafuta huku breki imefungwa, klachi itaungua.

Hatua ya tatu: je, kuna moto?

Chomeka plagi kwenye kofia yake. Gusisha uzi wa chuma wa plagi kwenye mapezi ya silinda, mbali na tundu la plagi, ukishika kofia kwa koleo lenye mpira. Swichi iwe imewashwa. Vuta kamba kwa kasi ukiwa kivulini. Cheche nzuri ni ya bluu, yenye mlio mdogo. Ya njano iliyofifia ni dhaifu: inaweza kuonekana hewani na bado ikashindwa ndani ya silinda yenye mgandamizo.

Hakuna cheche? Jaribu plagi mpya kwanza. Bado hakuna? Kagua waya mnene wa plagi kama umechubuka au kama springi ndani ya kofia imelegea. Kisha fuata waya mwembamba unaotoka kwenye koili, kifaa kinachotengeneza umeme wa plagi, kwenda kwenye swichi. Waya huo kazi yake ni kuzima injini kwa kugusana na bodi, kwa hiyo ukichubuka na kugusa chuma popote, unakuwa umezima injini bila kujua. Uchomoe upande wa koili, upime tena. Cheche ikirudi, koili ni nzima na ubovu uko kwenye waya au swichi. Angalizo: ukiiwasha hivyo, swichi haitaizima. Utaizima kwa kufunga choki.

Kama hata hapo hakuna moto, tazama nafasi kati ya koili na sumaku za flaiwili, lile gurudumu linalozunguka na shafti ya injini. Inatakiwa iwe kama milimita 0.2 hadi 0.3. Legeza skrubu mbili za koili, weka kadi nyembamba ya mawasiliano ya kibiashara katikati, acha sumaku ivute koili, kaza, toa kadi. Sugua kutu kwenye sumaku na miguu ya koili kwa msasa laini. Ikishindikana baada ya haya yote, ndipo ununue koili.

Kuna ubovu mmoja unaowachanganya hata mafundi. Cheche ipo, nzuri, mafuta yapo, lakini mashine inapiga kishindo kurudi kwenye kabureta au kamba inakurudisha mkono kwa nguvu. Huenda flaiwili imehama kwenye nafasi yake kwa sababu kijipini kinachoishikilia kwenye shafti kimekatika, hasa baada ya cheni kukwama ghafla kwenye gogo. Moto unatoka, ila wakati usio wake. Flaiwili ifunguliwe na kijipini kikaguliwe.

Hatua ya nne: mafuta

Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu ndipo mashine nyingi zinapofia.

Anza na chupa. Petroli inayouzwa kwenye chupa za maji kando ya barabara inaweza kuwa na maji, vumbi, au kuwa imechakachuliwa kwa mafuta ya taa. Mimina mafuta ya tangi lako kwenye chupa safi isiyo na rangi, uiache itulie dakika kumi. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini na utauona mstari. Mafuta ya taa hayaonekani kirahisi hivyo, lakini tone la petroli safi kwenye karatasi hukauka upesi, na lile lenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Fanya jaribio hili kabla hujachanganya oili, kwa kuwa oili nayo huacha doa.

Pili, umri wake. Petroli iliyochanganywa na oili ikikaa zaidi ya mwezi, hasa kwenye dumu linaloachwa juani, hupoteza ile sehemu yake nyepesi inayoshika moto haraka. Ukiinusa ina harufu ya rangi ya mafuta. Mwaga sehemu salama, usiihurumie.

Tatu, kipimo cha oili. Kwa oili nzuri ya tu-stroki, chenso nyingi za sasa hutumia 50:1, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli, au mililita 100 kwa lita tano. Mashine za zamani, na nyingi za Kichina, hutaka 25:1, ambayo ni mililita 40 kwa lita. Maelekezo ya mashine yako ndiyo yatawale. Usipime kwa kifuniko cha chupa. Nunua bomba la sindano la mililita 20 kwenye duka la dawa, bila sindano yake, na bomba moja lililojaa ni lita moja ya petroli kwa 50:1. Kwa walio karibu na ziwa au pwani: oili ya mashine za boti iliyoandikwa TC-W3 imetengenezwa kwa injini zinazopozwa na maji. Chenso inapozwa na hewa na joto lake ni kubwa zaidi. Usiitumie. Na oili ya gari, hata iwe mpya ya ghali, haina nafasi kwenye tangi la mafuta.

Sasa jaribio litakalokuonyesha upande wa ubovu. Chukua mafuta mapya yaliyochanganywa na oili, tone nusu kijiko cha chai kwenye tundu la plagi, rudisha plagi, vuta. Ikiwaka sekunde mbili tatu kisha ikazima, umepata jibu: moto upo, mgandamizo upo, ila mafuta hayafiki yenyewe. Usitumie petroli tupu kwa jaribio hili, maana itaosha oili kwenye silinda.

Ikiwa ndivyo, ingiza waya wako uliopindwa kwenye tundu la tangi, uvute mpira wa mafuta pamoja na chujio lililo mwishoni mwake. Chujio likiwa jeusi au gumu, badilisha, ni kitu cha bei ndogo. Kisha ukunje mpira wenyewe taratibu kwa vidole, hasa pale unapopenya ukuta wa tangi. Ndipo unapopasukia, na ufa mdogo hauvujishi mafuta nje, unanyonya hewa ndani. Mpira uliokakamaa au unaonata mkononi umekwisha.

Mwisho, pumulio la tangi. Tangi likikosa kupumua, kadiri mafuta yanavyopungua ndani ndivyo hewa iliyobaki inavyozidi kuyavuta yasitoke. Dalili yake ni kwamba mashine inawaka vizuri, inakata dakika kadhaa, inazima, na haiwaki tena. Fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia kama inavuta pumzi, kisha ukafunga na ikawaka, safisha au badilisha pumulio.

Hatua ya tano: hewa na ekzosi

Hii ni fupi. Toa chujio la hewa, jaribu kuwasha bila hilo kwa muda mfupi mahali pasipo vumbi. Ikiwaka, chujio ndilo. La nailoni lioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, likauke kabisa. La karatasi au manyoya likung'utwe, na likichoka libadilishwe. Usipulizie upepo wa kompresa kwa karibu, utalitoboa. Kabla ya kulitoa weka choki, ili unga wa mbao usidondokee kwenye koo la kabureta.

Kwenye ekzosi kuna wavu mdogo wa kuzuia cheche. Masizi yakiuziba, injini haipumui. Usugue kwa brashi ya waya na uurudishe. Usiutupe: kwenye mashamba ya misindano wakati wa kiangazi, wavu huo ndio unaozuia moto wa msitu.

Hatua ya sita: mgandamizo

Vuta kamba polepole, plagi ikiwa imefungwa, bila kubonyeza kitufe cha kupunguza mgandamizo. Unapaswa kuhisi ukinzani unaokaza na kuachia. Kamba ikija laini kama inavuta hewa tupu, kuna tatizo kubwa. Kwa kipimo cha mgandamizo, chenso nyingi zenye afya hutoa psi 120 hadi 150 au zaidi. Ikishuka chini ya 90, kuwaka ni shida.

Huhitaji kufungua injini nzima ili uone. Fungua boliti za ekzosi, iondoe, tazama pistoni kupitia tundu lake kwa tochi ya simu huku ukivuta kamba taratibu. Upande wake unatakiwa kuwa laini, wa kung'aa. Mikwaruzo ya wima iliyo wazi inamaanisha pistoni imekauka oili au imepata joto kupita kiasi. Hapo acha kuvuta. Silinda, pistoni na ringi zinahitaji fundi, na kabla hajafunga mpya ahakikishe sababu imepatikana, ama sivyo mpya nazo zitakwaruzika ndani ya wiki.

Hatua ya saba: kabureta, sasa tunaweza kuigusa

Kama moto upo, chujio na mpira wa mafuta ni vipya, pumulio linafanya kazi, mgandamizo uko sawa na plagi bado ni kavu, kabureta inastahili kufunguliwa. Kinachochoka humo ni daiframu, kile kipande chembamba cha mpira kinachosukuma mafuta. Kikikakamaa, hakisukumi kitu. Nunua ripea kiti ya kabureta yako kwa kutaja namba iliyopigwa kwenye mwili wake, kwa kawaida Walbro, Zama au Tillotson. Piga picha kila unapofungua, maana mpangilio wa gasketi na daiframu ukigeuzwa haitafanya kazi. Safisha kichujio kidogo cha wavu kilichomo ndani na sindano ya kuingizia mafuta. Usipulizie upepo wa kompresa huku daiframu zikiwa ndani.

Skrubu zilizoandikwa L (mafuta ya mwendo wa chini) na H (mafuta ya mwendo wa juu): kabla ya kuzigusa, zifunge taratibu huku ukihesabu mizunguko, andika hesabu hiyo, kisha zirudishe. Kwa kabureta nyingi za zamani mahali pa kuanzia ni mzunguko mmoja kutoka zilipogota, na usizikaze zikafikia kugota kwa nguvu. Chenso zenye M-Tronic (Stihl) na AutoTune (Husqvarna), ambazo hujirekebisha zenyewe, hazina marekebisho haya kwa bisibisi.

Aliyenunua mashine Dar es Salaam na kuipeleka Mafinga au Njombe ajue kwamba kule ni juu ya mita 1,800, hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 15, kwa hiyo mafuta yanazidi na mashine inatoa moshi, inakosa nguvu na kulowesha plagi. Kufunga H kidogo kunasaidia. Ila ukirudi nayo Pwani ifungue tena, la sivyo itakosa mafuta, na oili iliyomo ndani yake, hadi pistoni ikwaruzike. Ikiwa triga imebanwa hadi mwisho bila kukata, mlio uwe na kigugumizi kidogo, kisha uwe safi inapoingia kwenye gogo. Mlio mkali, mwembamba, usio na kigugumizi kabisa ni wa injini inayojiua.

Inawaka ikiwa baridi, inagoma ikiwa moto

Ubovu huu una sababu tatu za kawaida, na zote zinajibiwa kwa kupima papo hapo, kabla haijapoa. Fungua plagi kwa glavu mara tu inapogoma. Hakuna cheche, na baada ya nusu saa cheche imerudi: koili inakufa kwa joto. Cheche ipo lakini mgandamizo umelegea kuliko asubuhi: ringi au silinda zimechoka. Cheche ipo, mgandamizo upo, plagi kavu: mafuta yanachemka kwenye mpira au kabureta kwa sababu mapezi ya silinda yameziba kwa unga wa mbao na oili. Fungua kifuniko cha stata, chokoa mapezi yote kwa kijiti, na usiiweke mashine juani mara baada ya kuizima.

Ukilazimika kuipeleka kwa fundi baada ya hatua hizi, usimwambie "haiwaki" tu. Mwambie rangi ya plagi, kama cheche ipo, ilivyojibu ulipotonea mafuta, na idadi ya mizunguko ya L na H uliyoiandika.